Niliikata nyama yangu mwenyewe

Wiki ya tatu baada ya kupasuliwa kutolewa faibroidi, vile vivimbe vya ukuta wa kizazi, nilikuwa kwa mama, Kibosho, nimelala na mto juu ya tumbo ili nikikohoa mshono usivutike. Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa kijana ninayefanya naye kazi: "Dada, pole na mapumziko. Daktari ameagiza bloku nne zaidi kwenye ule mkubwa. Usijali."

Ningelala vizuri kama asingeandika "usijali".

Mimi ni mtu wa maabara ya patholojia, hapa Moshi, mwaka wa 14 sasa. Nyama ikitolewa mwilini mwa mtu, iwe titi, tezi, kizazi au kinundu cha ngozi, inaletwa kwetu kwenye kopo la fomalini, dawa ya kuizuia isioze, na sisi tunaigeuza kuwa kipande chembamba kinachopitisha mwanga ili daktari akisome kwenye hadubini. Kusoma si kazi yangu. Yangu ni kukata na kutia rangi. Ila mpishi, hata asipokaa mezani, anajua chakula kipi kimeliwa na kipi kimerudi. Daktari akiridhika anaandika ripoti, na kopo linapanda rafuni kusubiri kumwagwa. Akiomba bloku zaidi, yaani vipande vingine vya nyama ile ile, kuna kitu kimemkaa vibaya.

Kesho yake nilimdanganya mama kwamba ninakwenda kuonyesha mshono. Nikajifunga khanga mbili tumboni, bodaboda nikaikataa, nikasubiri daladala ambayo kiti cha mbele kilikuwa wazi. Kutoka stendi hadi maabara nilitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu najua swali linalokuja: ilikuwaje mtu anayekata faibroidi za wenzake kila wiki akabeba za kwake zaidi ya miaka mitatu?

Siku zangu zilianza kuharibika nikiwa na miaka 38. Mwanzoni pedi moja haikutosha, nikavaa mbili kwa pamoja, kisha nikaongeza kipande cha khanga juu yake. Nikahamia sketi nyeusi. Kazini nilifunga sweta kiunoni juu ya koti la maabara kama mwanafunzi wa kidato cha pili. Mabonge yalikuwa yanatoka makubwa kama maini ya kuku, nami nikiyaona najiambia ni umri, ni uchovu, ni shifti. Nilikuwa na majibu mengi kuliko maswali.

Kisha nikaanza kula udongo. Ule wa vipande unaouzwa soko la Mbuyuni. Nilikuwa nautamani hadi harufu ya vumbi la mvua ya kwanza inanidondosha mate. Damu ikikuishia madini ya chuma, mwili unaweza kudai vitu visivyolika, na mimi hilo nilikuwa ninalijua, limo kwenye vitabu vyangu. Mama muuzaji alinitazama tumbo, akaniongezea kipande cha bure: "Hongera mama kijacho." Sikumsahihisha. Wiki hiyo hiyo konda alipiga kelele ndani ya gari, "Jamani mpisheni mama kijacho akae," kijana mmoja akainuka. Nilikaa. Miguu ilikuwa inaniuma na sikuwa na nguvu ya kueleza watu 18 kwamba tumboni hamna mtoto.

Zahanati moja niliyopita kwanza, tabibu alinisikiliza kwa dakika tatu, akauliza nina watoto wangapi, nikasema sina, akafunga daftari: "Basi zaa, utapona." Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kana kwamba nimekamatwa nikiiba. Neno lile liliniuma zaidi ya sindano yoyote niliyochomwa baadaye, kwa sababu mimi na mume wangu tulikuwa tumetafuta mtoto miaka sita.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo kulisema naona aibu. Nilinunua dawa ya kuyeyusha uvimbe. Chupa tatu, shilingi 45,000 kila moja, maji ya rangi ya chai yenye harufu ya karafuu. Jumatatu nashika faibroidi kwa mikono miwili, inagongana na meza kama mpira wa kitenesi, Jumanne nakunywa kikombe cha kuiyeyusha. Mtu anaweza kujua jambo kwa vidole na asilijue kwa moyo.

Nilianguka kazini, mlangoni pa stoo ya kemikali. Himoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.9. Nikawekewa damu chupa mbili, ya kwanza kaka yangu ndiye aliyejitolea kufidia benki. Nikaandikiwa vidonge vya chuma na vya kupunguza kutoka damu, na daktari wa wanawake akasema hanigusi mpaka damu ifike 10. Ilichukua miezi miwili na nusu. Kwenye altrasaundi vilionekana vivimbe vitano. Aliponipasua alikuta saba.

Wodini wanawake tuliofanyiwa upasuaji huo tulikuwa tunahesabiana kama watu waliotoka kuvua. "Wewe ngapi?" "Saba." "Mimi 19." Wa 19 ndiye aliyeheshimika. Ningejua wakati ule ningewasimulia habari ya Victor Bonney, mpasuaji wa London wa karne iliyopita, ambaye mke wake mwenyewe aliondolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe huu. Bonney akaishia kuwa mtetezi mkubwa wa kutoa uvimbe na kukiacha kizazi, na anatajwa kuwa aliwahi kutoa 225 kwenye kizazi kimoja.

Daktari wangu alinieleza upasuaji kwa lugha ya shambani, maana aliona jina la ukoo wangu akajua ninatoka wapi. "Ni kama kutoa kokwa la parachichi," alisema. "Ukipata mstari wake, kokwa linatoka lenyewe, nyama inabaki." Mfano ule ulikaa. Faibroidi haina ngozi yake. Inapokua inaisukuma misuli ya kizazi iliyoizunguka mpaka inabanana na kuwa ganda, na mishipa ya damu inapita kwenye ganda hilo. Mpasuaji anayejua kazi anapita katikati ya ganda na kokwa. Anayekosa mstari anachimba nyama nzima, na damu inatoka kama bomba.

Shangazi ndiye aliyebeba kopo kulipeleka maabara. Kwetu ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mgonjwa yuko kitandani, ndugu anatumwa na fomu pamoja na kopo. Aliliweka ndani ya mfuko mbadala wa kijani, akakaa nalo mapajani njia nzima, na baadaye akaniambia kwamba jirani yake garini aliuliza kama ni mtori wa mgonjwa. Akajibu ndiyo.

Kumbe na mtori wenyewe ulikuja. Shangazi huyo huyo alichemsha ndizi na nyama ya mbavu, akaponda mpaka ukawa laini kabisa, akaleta kwenye chupa ya chai. Kwetu mtori ndio chakula cha mzazi. Mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa kitanda cha pili aliona chupa, akanisogelea na uso wa furaha: "Mtoto yuko wapi tumwone?" Shangazi akajibu haraka kuliko mimi, "Yupo anapimwa." Hakuwa amedanganya sana. Saba walikuwa wanapimwa.

Basi, nilifika maabara. Kijana alisimama akanipa kiti chake. "Shikamoo dada, ulipaswa kulala." Nikaomba kuona slaidi, vile vioo vyenye vipande alivyokata. Hakutaka kunionyesha, si kwa siri, kwa aibu. Nilipoziinua kwenye mwanga nikaelewa: zilikuwa na mistari kama bati. Kisu cha maikrotomu, mashine yetu ya kukatia, kikikutana na nyama ngumu hutetemeka, na mtetemo unaandika mistari juu ya kipande. Kizazi ni moja ya nyama ngumu tunazokata, na faibroidi ni ngumu zaidi. Kwa slaidi za namna ile daktari angezirudisha, na jibu langu lingekaa wiki nyingine.

"Nipe bloku," nikamwambia. "Dada, ni yako." "Ndiyo maana."

Bloku ni kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa stempu ya barua, kilichokwisha kukaa kwenye fomalini, kikaondolewa maji kwa spiriti inayozidi kupanda makali, kikapita kwenye kemikali iitwayo zailini, kisha kikajazwa nta ya moto mpaka kila tundu lake dogo likashika nta. Kikipoa kinakuwa kama mshumaa wenye nyama katikati. Nilizilaza zote nne kifudifudi juu ya barafu yenye maji. Huo ndio ujanja wote: uso wa nyama unafyonza maji kidogo na kulainika, nta inakazika kwa baridi, na kisu kinakuta vitu viwili vyenye ugumu unaokaribiana. Dakika 15. Vijana hawapendi kusubiri.

Wakati barafu inafanya kazi nililiangalia kopo. Nyama ilikuwa na rangi ya kijivu kwa ajili ya fomalini, lakini niliufahamu ule mwonekano. Ukiikata faibroidi mbichi, uso wake ni mweupe kama nyama ya nazi, na badala ya kutulia unatuna nje ya kisu, kana kwamba ulikuwa umebanwa na sasa umepata nafasi. Juu ya uso huo kuna mizunguko. Nyuzi zinajikunja, zinajizungusha, moja inaishia inapoanzia nyingine. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wa mazoezi kwamba watazame utosi wa mtoto aliyenyolewa, pale nywele zinapojizungusha kama zinatafuta katikati. Ndivyo ilivyo. Siku hiyo mfano wangu mwenyewe ulinikaa kooni.

Nilikata kwa mikroni 4, na milimita moja ina mikroni 1,000. Unywele wa kichwani una unene zaidi ya mara kumi ya hapo. Utepe ulitoka mzima, bila mstari, nikaulaza juu ya maji ya vuguvugu ukatandazika kama ngozi ya kitunguu, nikauchota na slaidi. Kwa macho tu, kabla ya rangi, mizunguko ilikuwa inaonekana. Mshono ulikuwa unavuta, lakini mkono haukutetemeka. Nikafikiri: hiki kitu kilikuwa kinanitoa damu miaka yote hii, na sasa kimekaa kwenye kidole changu na pumzi ya pua ingekipeperusha.

Nikatia rangi ya kawaida, hematoksilini na eosini. Viini vya seli vinachukua buluu ya zambarau, sehemu nyingine inakuwa waridi. Halafu nikakata kipande cha ziada ambacho daktari hakukiomba, nikakitia rangi ya Masson kwa faida yangu mwenyewe. Rangi hiyo inatenganisha: misuli inakuwa nyekundu, kolajeni inakuwa buluu. Kolajeni ni ile protini inayofanya kano la ng'ombe lisitafunike. Nilitegemea kuona nyekundu tele, kwa sababu vitabu vinasema uvimbe huu ni wa misuli laini, jambo ambalo daktari Mjerumani Virchow alilionyesha tangu 1854. Nyekundu ilikuwepo, lakini sehemu kubwa ya slaidi ilikuwa bahari ya buluu, misuli imebaki vikundi vikundi kama vijiji vilivyozungukwa na mafuriko.

Hapo ndipo zile chupa tatu za karafuu ziliponirudia. Mimi nilikuwa nimeuchukulia uvimbe kama lundo la seli, kitu laini ambacho dawa kali inaweza kukiyeyusha. Kumbe kwa sehemu kubwa ni jengo. Seli za misuli na seli zinazotengeneza nyuzi zinamwaga kolajeni na vitu vingine vya kushikiza, zinamwaga bila mpangilio, nyuzi zinakwenda huku na kule, na hazijui kuacha. Ni mafundi waliozidisha zege mpaka wakanaswa humo humo. Hata zile sindano za hospitali zinazozima homoni kwa miezi mitatu, ambazo kweli zinapunguza uvimbe kwa kiasi kikubwa, zikikoma uvimbe unarudi kukua, kwa sababu mafundi hawajafa, walikuwa wamepumzika tu. Maji ya karafuu yangefanya nini?

Daktari wetu alikuja saa nane mchana. Ni mzee mpole, hapendi maneno, ila ana hadubini yenye vichwa viwili na tabia ya kumkalisha mtu upande wa pili. Hakushangaa kuniona. "Umekata wewe?" "Ndiyo, Daktari." "Inaonekana." Akavuta kiti.

Alianzia pembeni ya slaidi, mahali palipobaki ganda. Kwanza akanionyesha misuli ya kizazi iliyo salama: matita ya nyuzi yanayopishana kwa utaratibu kama ukili wa mkeka, na nafasi za mishipa katikati. Misuli hii ni ya ajabu. Kizazi kisicho na mimba kina uzito wa gramu 60 au 70 hivi, na mimba ikikomaa kinafika kama gramu 1,100 na bado kinajua kusinyaa baada ya hapo. Kisha akasogeza: mstari wa nyuzi zilizobanwa. Kisha mizunguko yangu. Viini vya seli vilikuwa virefu, ncha zake butu, kama sigara zilizolazwa.

"Unajua kwa nini niliomba zaidi," alisema. Nilijua. Seli zilikuwa nyingi kuliko kawaida, zimesongamana. Uvimbe wa namna hii ukiwa na seli nyingi hivyo, msomaji mwangalifu lazima ajiulize kama si saratani ya misuli ya kizazi, ambayo ni adimu lakini ipo, na kwa altrasaundi mara nyingi haitofautiki. Anatafuta mambo matatu: seli zenye sura mbaya, yaani viini vikubwa, vyeusi, visivyofanana, seli zinazogawanyika kupita kiasi, na sehemu zilizokufa ghafla.

Akaanza kuhesabu. Anasogeza uwanja mmoja wa hadubini kwa ukuzaji mkubwa, anasimama, anausoma, anasogeza mwingine, mpaka viwanja kumi. Mimi nilikuwa ninasoma naye na siliamini jicho langu hata mara moja. Kwenye uwanja wa sita nikaona kiini kinachogawanyika, mstari mweusi katikati ya seli. Akapita. "Mmoja," akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji. Viwanja kumi, mmoja. Bloku ya pili, hakuna. Ya tatu ikawa na eneo kubwa la waridi tupu, bila kiini hata kimoja, laini kama kioo. Nilishika meza. Yeye akasogeza hadi ukingoni pa eneo hilo, akaacha nione. "Kifo cha saratani kina mpaka mkali, seli hai hapa, mizoga pale. Angalia huu wako. Unafifia, kuna kolajeni katikati. Uvimbe ulikua, damu haikufika katikati yake, pakageuka hivi polepole. Tunakuta kila siku." Akazima taa ya hadubini. "Seli ni nyingi, lakini ni wapole. Nenda kalale."

Sikuondoka. Nililia kwanza, chooni, kisha nikarudi nikamwuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa tangu wodini: kwa nini saba? Kama ni mmoja uliozaa wenzake, si ndivyo saratani inavyofanya?

Alifurahi kuulizwa. Akasema kila mmoja una bibi yake. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na katika kila seli moja imezimwa, nyingine inafanya kazi. Mwaka 1965 David Linder na Stanley Gartler, huko Marekani, walichunguza wanawake weusi ambao X zao mbili zinatengeneza aina mbili tofauti za kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwenye kipande cha kawaida cha kizazi walikuta aina zote mbili zimechanganyika. Kwenye kila faibroidi walikuta aina moja tu: hii yote ya kwanza, ile ya jirani yake yote ya pili. Maana yake kila uvimbe umetoka kwenye seli moja, na vivimbe viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu si mama na mtoto. Mimi nilikuwa nimebeba koo saba, kila mmoja kwenye kihamba chake, shamba lake la urithi.

Na nini kinaianzisha hiyo seli moja? Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki walikuta kwamba faibroidi saba hivi katika kila kumi zina kosa kwenye jeni moja, MED12. Si kosa la kurithi kwa mama, ni kosa la kuandika upya linalotokea ndani ya seli hiyo moja ya kizazi wakati inagawanyika. Baada ya hapo homoni za mwezi zinaikuza: estrojeni inaiandaa, projesteroni inaiamuru. Kila mwezi, miaka nenda rudi. Ndiyo maana mtoto asiyevunja ungo hana, na aliyekoma hedhi kwa kawaida vyake hunywea. Sikuwa nimekula kitu kibaya. Sikuwa nimelogwa, ingawa jirani mmoja wa Majengo alikuwa ana jina tayari. Wala si kwa kutozaa, japo ni kweli waliozaa hupata kwa uchache zaidi. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wa pale na karibu asilimia 70 ya weupe wanakuwa nazo, wengi bila kujua.

Mkubwa ule uliotupa hofu, wa sentimita 10, ulikuwa umekaa ndani ya ukuta wa kizazi na kwa damu hakuwa mkosaji mkuu. Aliyekuwa ananimaliza ni kadogo ka sentimita 2 na nusu kalikotokeza ndani ya mji wa mimba, palepale utando wa hedhi unapokaa. Nilikaona kwenye kopo, kameviringana kama gololi. Mwanamke anaweza kubeba mmoja wa kilo mbili nje ya ukuta akalalamikia tu sketi kubana, na mwingine akaishiwa damu kwa gololi.

Jioni nilirudi Kibosho nikamwambia mama ukweli, kwamba sikwenda kuonyesha mshono, na kwamba majibu ni mazuri. Hakunigombeza. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha kubwa ya kahawia kutoka chini ya godoro. Ilikuwa picha ya eksirei ya nyonga, aliyopigwa alipoteleza mgombani miaka miwili nyuma. Mfupa haukuvunjika, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. "Waliniambia kuna jiwe. Nikaona kama haliumi nitalisemea nini?"

Nikaiinua kwenye taa ya umeme ya sebuleni. Ndani ya nyonga, juu kidogo ya kibofu, palikuwa na duara jeupe lenye mabaka mabaka, kama bisi zilizoshikana. Faibroidi ya zamani. Hedhi ilikoma, homoni zikashuka, damu ikapungua, na chokaa ikaja kukaa humo kidogo kidogo mpaka ikawa jiwe kweli. Mama yangu ana miaka 71 na amezaa watoto sita. Nilimkumbuka yule tabibu wa zahanati na daftari lake.

"Na wewe ulikuwa unatoka damu nyingi?" nikamwuliza.

"Nilikuwa na khanga nyingi," akasema, akairudisha picha kwenye bahasha.

Mimi sasa ninapiga altrasaundi kila mwaka, kwa sababu seli nyingine zinaweza kuwa zimekwisha kuanza ujenzi wao na bado hazionekani. Mwaka huu kuna kimoja cha sentimita 1. Uchunguzi mwingine, wa 2008, ulifuatilia vivimbe 262 vya wanawake 72 na kukuta kwamba ndani ya kizazi hicho hicho kivimbe kimoja kinaweza kukua huku jirani yake kinanywea, kwa hiyo hiki changu hakina ninachoweza kukitabiria. Himoglobini ni 12.8. Udongo siutamani tena, na mama wa Mbuyuni akiniona hutazama tumbo, kisha hutazama uso, kisha ananiuzia nyanya.

Kopo lilimwagwa muda wake ulipofika, pamoja na ya wengine. Bloku ya tatu niliomba ibaki, nikaiweka kwenye boksi la kufundishia, ina namba na haina jina, kwa sababu kwenye kipande kile kimoja kuna ganda, kuna mizunguko na kuna ile sehemu ya kioo. Wiki iliyopita mwanafunzi wa mazoezi aliikata akapata mistari kama bati. Akasema kisu kimekwisha. Nikamwambia kisu ni kizima, ailaze kwenye barafu.

"Dakika ngapi, madam?"

"15. Na usiiguseguse."